Tumbusi wa Serengeti na Mzoga Wenye Sumu

Saa moja ya asubuhi katika mbuga za Serengeti, mzoga wa nyumbu waweza kulala wazi bila tumbusi hata mmoja kuukaribia. Ndege hao wamo mitini na majabalini, wana njaa, lakini hawaruki. Tumbusi mkubwa ana uzito wa kilo 7 au zaidi, na kuupandisha mwili huo kwa kupiga mabawa humchosha upesi. Hivyo hungoja jua liipashe ardhi joto, hewa ya moto ianze kupanda, ndipo aitandazie mabawa na kuinuliwa nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu Mwingereza, Colin Pennycuick, aliwafuata angani kwa eropleni nyepesi ya kuelea, yenye injini ndogo. Ilidhihirika kuwa tumbusi hupanda kwa hewa ya moto, kisha huteleza hadi mahali pengine inapopanda, na kwa njia hiyo husafiri mbali sana pasipo kupiga mabawa. Wanaozaa katika majabali ya milima ya Gol huwafuata nyumbu wahamao hata zaidi ya kilomita 100 kutoka kiotani. (Mwaka 1973 tumbusi wa jamii hiyo, aina ya Rüppell, aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi!)

Akiwa juu, tumbusi hautafuti mzoga kwa pua bali kwa macho. Huichungua nchi iliyo chini yake na papo hapo huwaangalia jirani zake. Mara nyingi anayetangulia kugundua si yeye, bali pungu, yule tai wa mkia mfupi arukaye chini chini. Pungu akishuka, tumbusi aliye karibu humfuata. Wa pili humwona huyo. Wa tatu humwona wa pili. Muda si muda mamia wamekusanyika. Tumbusi ngusha, mwenye mdomo mzito kuliko wote, hupasua ngozi. Wenye shingo ndefu huingiza vichwa ndani. Wadogo huokota makombo. David Houston, aliyewachunguza Serengeti katika kipindi hicho hicho, alikadiria kuwa tumbusi hula nyama nyingi kuliko simba, fisi na wanyama wengine walao nyama wote kwa pamoja.

Ustadi huo huo ndio unaowaponza. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba usiku ana uchungu wa haki, kwani ng'ombe mmoja ni akiba ya nyumba nzima. Wapo wanaounyunyizia mzoga dawa kali ya kuulia wadudu, kama kabofurani, wakimkusudia simba atakaporudi. Simba huenda asirudi; tumbusi hakosi. Huko Botswana, mwezi Juni 2019, tumbusi zaidi ya 500 walikufa kwa mizoga michache tu ya tembo iliyotiwa sumu na majangili. Pengo la namna hiyo halizibiki upesi, kwa kuwa jike hutaga yai moja tu, na kinda huchukua miaka mitano hivi kabla ya kuanza kuzaa. Tangu mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe wamo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Boma imara, lililozungushiwa miba minene au wavu wa chuma, hupunguza hasira na sumu kwa pamoja. Lakini sumu ikishatiwa, linalobaki ni kushindana na jua. Mzoga uliogunduliwa alfajiri yapasa uteketezwe kwa moto, na mabaki yafukiwe, kabla hewa haijaanza kupanda. Ifikapo saa tatu nafasi hiyo huwa karibu imekwisha. Kwa pungu huwa imekwisha mapema zaidi, kwa kuwa wepesi wake humwezesha kuruka kabla joto halijakolea.