Mwalimu wa Jasho: Yafaa Kumlipa?

Imezuka kazi hapa kwetu Mvita ambayo wazee wetu hawakuijua: mtu kulipwa ili amsimamie mwenziwe akitoka jasho. Vijana humwita trena. Mimi nitamwita mwalimu wa mazoezi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake akiwa ni wa kweli. Pita barabara ya Mama Ngina baada ya sala ya alfajiri, pale penye mibuyu na upepo wa mlango wa Kilindini, utamwona na saa yake mkononi, na mbele yake bwana mwenye kitambi akihema kama aliyefukuzwa na mbwa. Mahali hapo palitengenezwa upya mwaka 2019, na Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka huo ikafanywa papo hapo. Tangu hapo watembeao asubuhi wamezidi, na waalimu nao wamewafuata, kama muuza kahawa afuatavyo barza.

Nisingelishughulikia jambo hili lau si daktari. Nimetimia miaka 56, kazi yangu ni ya kukaa na kalamu, na chakula cha asubuhi kwetu Kibokoni msomaji wakijua: mahamri na mbaazi za nazi, na siku ya neema kipande cha halua. Daktari alinitoa damu akaipima kwa kile kipimo kionyeshacho sukari ya miezi mitatu iliyopita, ikatoka asilimia 6.2. Chini ya 5.7 ni salama, 6.5 na zaidi ni kisukari chenyewe. Mimi basi niko ukumbini, chumbani sijaingia. Marehemu babangu aliingia, na maradhi hayo yakamkata mguu kabla hayajamkata pumzi. Kwa hivyo asije mtu akadhani mshairi mzee ataka kifua cha sinema.

Nililipeleka swali langu barzani, kama ilivyo ada. Mzee mmoja, aliyekuwa hamali bandari ya kale siku za ujana wake, alinitazama kitambo kisha akasema: "Sisi tulikuwa tukilipwa tubebe. Nyinyi mwalipa mbebe!" Watu wakacheka hata kahawa ikamwagika vikombeni. Nami nilicheka, ingawa neno lake lina uzito. Yeye alishusha magunia ya kilo 90 majahazini tangu asubuhi hadi adhuhuri, na jioni akala ugali wake bila kuulizwa na daktari yeyote. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 80 tulikwenda kwa miguu chuoni, skuli na mpirani, na bahari ikijaa tukaruka majini mpaka mama akaja na fimbo. Na waliotaka kujenga miili hasa walikuwa na vyuma vyao vya kujitengezea: makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji, na bomba likapitishwa katikati. Hapana aliyelipa hata senti. Lakini nawajua wawili katika vijana wale wa saruji ambao migongo yao haijapona hadi leo, na hilo barza haikulitaja.

Wala kazi yenyewe si ngeni duniani. Eugen Sandow, mzaliwa wa Prussia, alifungua nyumba yake ya mazoezi London mwaka 1897, na wenye mali wakamlipa awatengeze miili. Kigeni ni kuifikisha mitaa ya Ndia Kuu na Kuze, na kuiuza kwa watu wa mshahara.

Sasa nije kwenye kiini. Mimi nimesoma chuoni, na kila aliyesoma chuoni anajua faida ya mwalimu ni ipi. Mtu aweza kununua msahafu, akasikiliza wasomaji mashuhuri katika simu yake usiku kucha, akadhani asoma sawasawa. Herufi haitoki mahali pake mpaka akae mbele ya mwalimu, amsikize, amrudishe, amsikize tena. Sikio lako halisikii kosa la ulimi wako. Nilipokwenda kumjaribu kijana mmoja mwalimu wa mazoezi, mtu wa Majengo, aliniambia niketi kitini na kuinuka mara kumi bila kushika kitu. Nikafanya, nikajiona hodari. Akasema kwa adabu: "Ami, goti lako la kushoto laingia ndani kila ukiinuka. Ukibeba mzigo hivyo litakudai." Nimeishi na goti hilo miaka yote na sikupata kuambiwa habari zake.

Waamerika walilijaribu jambo hili kwa hesabu. Walichukua watu 3,234 waliokuwa ukumbini kama mimi, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Kundi moja lilipewa dawa ya metformin. La pili vidonge visivyo na dawa ndani yake. La tatu likapewa watu wa kuwafunza mmoja mmoja, masomo 16, lengo likiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, aghalabu kutembea kwa haraka. Wakilinganishwa na wale wa vidonge vitupu, wa dawa walipungukiwa na kuingia kisukari kwa asilimia 31, na wenye waalimu kwa asilimia 58. Nililisoma hilo mara mbili. Zoezi lao kubwa lilikuwa kutembea, na kutembea hakuna tikiti. Ghali ilikuwa ni yule mtu wa kuwauliza Jumatatu, "Juzi ulitembea?"

Bei basi. Kijana wangu wa Majengo anataka shilingi 1,500 kwa saa moja katika jimu, na 2,000 akija nyumbani. Jimu yenyewe, ambayo si yake, yataka 3,500 kwa mwezi. Ukimchukua mara tatu kwa wiki ni masomo 12, yaani shilingi 18,000, na pamoja na jimu 21,500. Zidisha kwa mwaka: 258,000. Kwa fedha hizo wako waendao Umra wakarudi na zawadi. Mimi nina mtoto wa mwisho bado asoma, na ada yake haingoji goti la babake. Hapo wengi hukunja jamvi wakasema hili ni jambo la matajiri wa Nyali, na mtu akishasema hivyo hurudi kwenye mahamri yake akiwa na udhuru mzuri.

Lakini hesabu ile ni ya mtu atakaye mwalimu milele, na ni nani aliyebaki chuoni milele? Ukihitimu unaondoka, na msahafu unabaki nao. Nilimuuliza kijana kama aweza kunifunza masomo kumi tu, niyajue mazoezi sita au saba ya nguvu nikayafanye mwenyewe. Nilitaraji atanuna. Alisema bei ya kumi kwa pamoja ni 12,000, na kwamba apendelea mwanafunzi wa namna hiyo kuliko yule alipaye mwaka mzima na kuja mara nne.

Jawabu hilo lilinipendeza kuliko misuli yake. Kwani misuli si shahada. Wako vijana walionyanyua vyuma miaka miwili, wakanunua fulana ya kubana na firimbi, na kesho wao ni waalimu. Muulize amesomea wapi, na kama amefunzwa huduma ya kwanza. Kisha ngoja uone kama naye atakuuliza wewe. Mmoja niliyemwendea mwanzo, sitamtaja, hakuniuliza umri, presha wala dawa. Aliniuliza kama nitalipa mwaka mzima, kisha akanitolea kopo la unga wa kunywa la shilingi elfu sita. Nikamuaga.

Kwa mama zetu na dada zetu jambo hili lina mlango wake mwingine. Barabara ya Mama Ngina si mahali pa kila mwanamke kunyosha viungo mbele za watu, na wengi hawatasimamiwa na mwanamume wasiyemhusu. Ziko jimu zenye saa za wanawake peke yao, na wako waalimu wanawake waendao majumbani. Shemeji yangu na majirani zake watano wamefanya akili ambayo sisi wanaume hatukuifikiria: wamemchukua mwalimu mmoja wa kike kwa shilingi 2,400 kwa saa, wanakutana juu ya sakafu ya nyumba baada ya alasiri, na kila mmoja atoa 400. Fedha hukusanywa kama za mchezo, na asiyekuja hulipa vile vile. Wasema hakuna hata mmoja aliyekosa mwezi wa kwanza. Naamini, kwani mwanamke wa Mji wa Kale hataacha 400 zake ziliwe na jirani. Nao walianza kupanda juu kule Mei 2020, mtaa wetu ulipofungwa kwa sababu ya korona, na sakafu ikawa ndio uwanja uliobaki.

Mimi nimekata shauri. Nitachukua masomo kumi, mawili kwa wiki, nyumbani kwangu na si jimu, maana kijana amekubali kuja kwa bei ile ile ya 12,000 kwa kuwa mwanafunzi wake mwingine ni jirani yangu. Siku nyingine natembea mwenyewe baada ya alfajiri, dakika 30, kutoka Kibokoni kuelekea Mama Ngina. Nimemtumia nusu, shilingi 6,000, kwa M-Pesa. Nusu ya pili ni baada ya somo la tano. Damu itapimwa tena miezi mitatu ikitimia.

Mke wangu ameuliza kama mwalimu huyo atakuja na Ramadhani kutuhesabia kaimati. Nimemwambia hilo halimo katika bei.