Safari ya Kujifunza kwa Mikono



Bila shaka umewahi kusikia habari za makumbusho. Makumbusho ni mahali ambapo vitu vya maana huhifadhiwa ili watu waje kuviona na kujifunza. Katika Makumbusho ya Taifa huko Dar es Salaam limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Kitu kama hicho hakiguswi na kila mtu. Kikivunjika, hakipatikani kingine.

Lakini yako makumbusho ya namna nyingine. Hayo ni makumbusho ya sayansi. Humo mgeni haambiwi, "Usiguse." Huambiwa, "Njoo, shika, zungusha, vuta, jaribu." Mtu hujifunza kwa mikono yake mwenyewe.

Makala haya yatakueleza jinsi ya kujiandaa kwenda huko pamoja na jamaa yako. Safari hugharimu fedha na siku ya kazi. Ni vizuri irudishe faida nyumbani.

Makumbusho haya ni ya nani?

Wengine hufikiri kwamba sayansi ni ya wasomi wakubwa. Sivyo. Mmoja wa watu walioeneza makumbusho ya namna hii alikuwa Frank Oppenheimer, mtaalamu wa fizikia wa Marekani. Mwaka 1949 alilazimika kuacha kazi ya chuo kikuu kwa sababu za siasa. Akaenda kufuga ng'ombe katika jimbo la Colorado. Baadaye akafundisha shule ya sekondari ya huko. Aliona kwamba wanafunzi huelewa upesi wanaposhika vyombo wenyewe. Mwaka 1969 alifungua makumbusho ya sayansi yaitwayo Exploratorium katika mji wa San Francisco.

Hapa Tanzania, bustani ya sayansi iitwayo STEM Park ilifunguliwa jijini Tanga katika miaka ya 2020. Kama unakaa karibu na Tanga, safari yako haitakuwa ndefu. Kama unakaa mbali, muulize mwalimu wa shule ya kijiji kama kuna mahali pa namna hii mkoani kwenu.

Hatua ya kwanza: Uliza habari

Usifunge safari kwa kusikia tu. Mwombe mwalimu au kijana mwenye simu aulize mambo haya:

1. Ni siku gani na saa ngapi wanafungua?
2. Kiingilio cha mtu mzima ni kiasi gani? Cha mtoto je?
3. Je, watu wa jamaa moja huruhusiwa kuja wenyewe, au ni lazima waje na shule?
4. Je, yupo mtu wa kuwaeleza wageni kwa Kiswahili?

Andika majibu katika daftari lako. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika.

Hatua ya pili: Piga hesabu

Tuseme jamaa yako ni watu watano. Tuseme nauli ya mtu mmoja ni shilingi 5,000 kwenda na shilingi 5,000 kurudi. Kila mtu atahitaji shilingi 10,000. Watu watano watahitaji shilingi 50,000. Hiyo ni nauli peke yake. Ongeza kiingilio, na weka akiba kidogo kwa jambo la ghafula. Chakula na maji ya kunywa mnaweza kuchukua nyumbani.

Usiuze chakula cha ghalani kwa ajili ya safari. Ngoja baada ya mavuno, au weka akiba kidogo kidogo. Fedha zisipotosha kwa wote, zungumza na mwenzako wa nyumbani. Labda mzazi mmoja aende na watoto wawili mwaka huu, na wengine waende mwaka ujao. Lakini usichague watoto wa kiume tu. Msichana naye ana macho, mikono na akili.

Hatua ya tatu: Kusanyeni maswali

Hatua hii husahauliwa na wengi, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu asiyekuwa na swali hupita mbele ya vyombo kama mtu anayepita sokoni bila haja. Hurudi amechoka, wala hakumbuki kitu.

Jioni moja, baada ya kula, kaeni pamoja. Kila mmoja aseme jambo moja linalomshangaza. Kwa nini baiskeli husimama vizuri ikienda, na huanguka ikisimama? Kwa nini fimbo huonekana imepinda ikitiwa majini? Kwa nini sauti hurudi ukipiga kelele mlimani? Andika maswali yote, pamoja na jina la aliyeuliza.

Tafadhali usimcheke mtoto kwa swali lake. Sikiliza kisa hiki cha kweli. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Mkoa wa Tanga. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari ili watengeneze barafu ya kula. Desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Siku moja Mpemba aliona nafasi katika jokofu inakwisha, akayatia yake yakiwa moto. Akashangaa kuona yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa baridi.

Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amekosea. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu huko Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, jambo hilo likajaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala yao pamoja. Hata leo wataalamu wa nchi nyingi wanabishana juu ya jambo hilo, nao huliita kwa jina la Mpemba.

Swali lililochekwa darasani limefika dunia nzima. Je, ni maswali mangapi yamekufa nyumbani mwetu kwa sababu ya kicheko?

Hatua ya nne: Mkifika

Wahesabu watoto mnapopanda basi na mnaposhuka. Wadogo washikwe mkono. Kubalianeni mahali pa kukutana kama mtu akipotea.

Msikimbilie kuona kila kitu. Chagueni vyombo vichache, mkae navyo. Katika makumbusho mengi ya sayansi kuna masinia mawili makubwa yaliyobonyea, nayo yametazamana kwa mbali. Mtu mmoja hunong'ona mbele ya sinia moja. Mwenzake, aliye mbele ya lile jingine, humsikia vizuri. Sababu ni nini? Sinia la kwanza hukusanya sauti na kuirudisha mbele moja kwa moja, isitawanyike. Sinia la pili huipokea na kuikusanya tena mahali pamoja. Ukitazama tochi, utaona kwamba balbu imezungukwa na kikombe king'aacho. Kikombe hicho huufanyia mwanga kazi ya namna hiyo hiyo.

Mwache mtoto ajaribu mwenyewe. Usimnyang'anye chombo ili umwonyeshe. Akikosea, mwache arudie. Akikuuliza jambo usilolijua, usiogope, wala usimkaripie ili kuficha aibu. Sema, "Sijui. Tujaribu pamoja." Mzazi anayesema hivyo hapungukiwi heshima. Anamfundisha mtoto kwamba kutojua si aibu, na kwamba dawa yake ni kutafuta.

Nawe pia, mzazi, shika na ujaribu. Usikae kitini ukilinda vikapu. Huenda ulianza kusoma ukiwa mtu mzima. Hapa hapana mtihani. Anayejua kutumia wenzo kung'oa kisiki ameanza sayansi zamani, hata kama hakuiita kwa jina hilo.

Hatua ya tano: Mkirudi

Safari haikwishi mnaposhuka basi. Siku inayofuata, soma tena yale maswali. Yapi yamejibiwa? Yapi yamebaki? Mapya ni yapi?

Kisha fanyeni jaribio dogo nyumbani. Chukua chupa ya mviringo inayoonyesha, uijaze maji. Chora mshale kwenye karatasi, uelekee kulia. Weka karatasi nyuma ya chupa, karibu kabisa, utazame kupitia kwenye maji. Sasa isogeze karatasi nyuma polepole. Ghafula mshale utaelekea kushoto! Mwanga hupinda unapopita katika chupa yenye maji. Karatasi ikiwa mbali kidogo, miali ya kulia na ya kushoto hukutana na kupishana kabla ya kufika machoni.

Jaribio hili halihitaji nauli wala kiingilio. Jamaa isiyoweza kusafiri mwaka huu inaweza kuanza nalo leo. Lakini waonye watoto: majaribio ya umeme wa nyumbani ni hatari. Vitobo vya umeme haviguswi kamwe.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Nyumba yenye maswali imekwisha anza safari.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Makumbusho ya sayansi yanatofautianaje na makumbusho mengine?
2. Jamaa ya watu sita italipa nauli kiasi gani, ikiwa kila mtu hulipa shilingi 4,000 kwenda na shilingi 4,000 kurudi?
3. Mwalimu wa Mpemba angeweza kumjibu namna gani badala ya kumwambia amekosea?
4. Mtoto wako alikuuliza nini wiki hii? Ulimjibuje?
5. Andika swali moja ambalo wewe mwenyewe ungependa kulipeleka huko.