Upau Haukupotea, Ila Kuna Aliyedandia

Swali limetoka Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, kwa msomaji mwenye kibanda cha kuchapa nyaraka na kuwaombea watu huduma za Irembo, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, kwa kompyuta moja. Asubuhi upau wa zana wa kivinjari chake haukuwapo. Akatafuta mtandaoni jinsi ya kuurudisha, akapakua programu iliyojinadi kuwa fundi wa vivinjari, akabofya "endelea" mara nne tano, na upau ukarudi. Lakini haukurudi peke yake. Chini yake umekaa upau mwingine asioujua, kila ukurasa umejaa matangazo ya bidhaa zisizouzwa Rusizi wala Bukavu, na kila neno analolitafuta linapitia injini ya utafutaji ambayo hakuichagua. Anauliza ni kirusi gani hiki kinachoficha upau kisha kinaleta mwingine. Hakuna kirusi kama hicho. Haya ni mambo mawili yaliyokutana kwa bahati ndani ya nusu saa, na hoja yangu ni kwamba lile lililomtisha halikuwa na madhara yoyote, ilhali lile alilolikaribisha kama dawa ndio ugonjwa wenyewe.

La upau kutoweka nitalimaliza haraka kwa sababu halina siri. Waundaji wa vivinjari wanaficha pau kwa makusudi, ili ukurasa upate nafasi: Internet Explorer 7 iliiondoa menyu ya juu machoni mwaka 2006, na Firefox 4 ikafuata mwaka 2011. Menyu ipo, na kitufe cha Alt huiita. Pau zote zikitoweka kwa pamoja, kidole kimegusa F11, na F11 hiyohiyo huzirudisha. Kwenye laptopu nyingine sharti ushike na Fn. Upau wa alamisho huja na kuondoka kwa kubonyeza Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hakuna programu yoyote ya kupakua katika orodha hii, na hilo ndilo la kukumbuka kuliko vitufe vyenyewe.

Kabla ya kwenda mbele, jina. Waliotafsiri programu za kompyuta walifanya kazi nzuri walipochagua neno "upau". Pau ni zile fito nyembamba zinazolazwa juu ya makombamoyo ya paa ili makuti yapate pa kufungwa. Nyumba haisimami kwa pau, ila bila hizo hakuna cha kushikilia kinachoonekana juu. Ndivyo upau wa zana ulivyo. "Kivinjari" nacho kimetoka kwenye kuvinjari, na "programu jalizi", ile inayoongezwa ndani ya kivinjari, kwenye kujaliza, yaani kujaza kilichopungua. Lakini kwa kitu kilichompata msomaji wetu tumeachiwa "programu zisizotakikana", na jina hilo haliniridhishi, kwa kuwa linaeleza hisia za mwenye kompyuta badala ya tendo la programu. Wako wanaosema "kupe". Kupe hunyonya, kweli, lakini kupe haombi ruhusa. Hii huomba, na hupewa, na hapo ndipo werevu wake wote ulipo. Anayefanana nayo ni mtu anayedandia lori: lori lina safari yake halali, dereva ana mzigo wake, na mdandiaji anaingia mjini kwa mwendo wa mwingine. Kiswahili kimekwisha kututengenezea njia. Tumia imezaa matumizi, zuia imezaa kizuizi, tangulia imezaa utangulizi. Basi dandia nayo izae dandizi. Nitaiita programu dandizi.

Lori lililodandiwa kwa umaarufu kuliko yote lilikuwa Java. Kwa miaka mingi kisakinishi cha Java cha kampuni ya Oracle kilibeba upau wa Ask, na kisanduku cha kuukubali kilikuwa kimetiwa alama tayari, hivyo aliyebofya harakaharaka alikuwa amekubali. Mwanzoni mwa mwaka 2013 lilibainika jambo la ajabu zaidi: baada ya Java kumaliza kujisakinisha, upau wa Ask ulisubiri dakika 10 ndipo nao uingie. Mtu mwangalifu aliyeshtuka na kukimbilia orodha ya programu ili auondoe hakuukuta, akaamini amenusurika. Subira kama hiyo haitokei kwa bahati mbaya. Ipo kwa sababu nyuma yake kuna biashara. Watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York walionyesha mwaka 2016 kwamba wenye programu hizi walilipa kati ya senti 10 na dola 1.50 kwa kila kompyuta waliyoingizwa, na kwamba Google ilikuwa ikitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kwa wiki kwa watu waliokuwa karibu kuzipakua. Mwenye "fundi wa vivinjari" wa bure analipwa kwa kila abiria anayemshusha kwako. Anayetafuta upau wake kwa wasiwasi ni mteja bora kabisa, kwa sababu amekwisha kuamua kwamba kitu fulani kimeharibika na kwamba lazima apakue kitu.

Sasa nifike kwenye swali ambalo msomaji hakuliuliza, nalo ndilo zuri kuliko yote. Ukurasa wa benki au wa serikali huja kwa njia salama, ile ya anwani zinazoanza na https. Mwaka 2023 Chrome iliondoa alama ya kufuli iliyoitambulisha njia hiyo, lakini kazi ni ileile. Njia hiyo imefungwa kwa hesabu ambazo hakuna mtu barabarani awezaye kuzifungua. Itakuwaje basi ukurasa uliofika umefungwa uonekane umejaa matangazo ambayo mwenye ukurasa hakuyaweka? Fikiria gunia linalotoka Bukavu kuja Kamembe kupitia daraja la mpakani la Rusizi I. Muuzaji amelishona mdomo na kulipiga lakiri. Mchukuzi hawezi kuchungulia, mtu wa darajani hawezi kuchomoa kitu, na mwizi wa njiani ataambulia gunia asiloweza kulifungua bila kuivunja lakiri. Linafika kwako likiwa zima. Mpokeaji wako, ambaye ni kivinjari, anaikagua lakiri, anairidhia, anakata uzi, anapanga vitu mezani: vitenge huku, sabuni kule, barua ya muuzaji katikati. Kisha anakuita uingie uone. Programu dandizi si mtu wa barabarani. Ni mtumishi uliyemwajiri mwenyewe kwa kubofya "endelea", na amesimama karibu na meza katika ule mwanya mfupi kati ya gunia kukatwa na wewe kuingia. Anaondoa kitenge kimoja anaweka kingine. Anaongeza mstari katika barua. Lakiri iko sakafuni, haijachezewa, na walinzi wa daraja wataapa kwamba mzigo ulipita salama, na watakuwa wamesema kweli. Mpigie simu muuzaji Bukavu, atakuambia alichotuma, naye atakuwa amesema kweli. Hakuna aliyedanganya njiani kote, na bado meza uliyoiona si meza aliyoituma. Tena, unapoketi hapo kuandika jibu lako pamoja na namba zako za siri, mtumishi yuleyule yuko begani mwako anasoma, kabla gunia la kurudi halijashonwa.

Katika kompyuta meza hiyo ni mti. Ukurasa hufika kama maandishi marefu, na kivinjari huyageuza kuwa mti: shina ni waraka wenyewe, matawi ni sehemu zake, na kila aya, picha na kitufe ni jani lililoshikamana na tawi lake. Skrini ni picha tu ya mti huo. Tawi likikatwa, picha hubadilika papo hapo. Unapoipa programu jalizi ruhusa ile ya kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote, umeikabidhi panga la kupogolea na vipandikizi vya kuunganisha. Nayo haihitaji kuzunguka mti mzima kila mara ikitafuta kilichobadilika, kwa maana kivinjari chenyewe kinatoa huduma ya kubisha hodi: kila jani jipya linapochipua, programu huarifiwa, nayo hukata na kupachika lake kabla jicho halijatambua. Na wahandisi wa Chrome, walipoanza kupokea programu jalizi, waliweka ukuta wa busara sana. Msimbo wa programu jalizi na msimbo wa ukurasa huushika mti mmoja, lakini kila mmoja hufanya kazi katika ulimwengu wake uliotengwa na hauoni vigezo vya mwenzake, kama wapangaji wawili wanaotumia ua mmoja bila kuingiliana vyumba. Ukuta huo uliwekwa ili ukurasa mwovu usimwibie mtumishi mwema. Matokeo yake ya pili ni kwamba ukurasa mwema hupata shida kumtambua mtumishi mwovu. Ule upau wa pili anaoulalamikia msomaji, kama anatumia Chrome, si upau kabisa, kwa sababu Chrome hairuhusu programu jalizi kujiongezea upau juu ya dirisha. Ni tawi lililopachikwa kwenye kilele cha kila mti anaoufungua, likapakwa rangi lifanane na upau.

Si nadharia. Mwaka 2015 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima kurasa za Google jinsi zilivyoonekana katika vivinjari vya watu, badala ya jinsi zilivyotumwa, na kukuta dalili za matangazo yaliyopachikwa katika asilimia 5.5 ya anwani za IP zilizozitembelea. Walihesabu programu jalizi zaidi ya 50,000 na programu za kawaida zaidi ya 34,000 zinazofanya kazi hiyo, na Google ikazima programu jalizi 192 za udanganyifu zilizokuwa kwa watu milioni 14. Kinara wa matangazo hayo alikuwa Superfish, na mwaka huohuo, Februari, ikajulikana kwamba Superfish ilikuwa imesakinishwa kiwandani katika laptopu za Lenovo. Yeye alikwenda mbali kuliko mtumishi wa mezani: alilifungua gunia njiani na kulishona upya kwa lakiri yake mwenyewe, baada ya laptopu kufundishwa kuiamini. Mashine zote zilipewa mhuri mmoja, na nenosiri la kuufungua mhuri huo, lililopatikana na mtafiti Robert Graham kwa muda mfupi, lilikuwa jina la kampuni iliyotengeneza teknolojia hiyo: komodia.

Atasema mtu kwamba siku hizi programu jalizi hutoka kwenye duka rasmi na hukaguliwa. Hukaguliwa, lakini mtumishi anaweza kuuzwa akiwa kazini. The Great Suspender ilipendwa na watu zaidi ya milioni 2 kwa kupunguza mzigo wa kompyuta. Mwaka 2020 mwenyewe aliiuza, na Februari 2021 Google ikaiondoa kwa kuwa na msimbo mbaya. Ruhusa iliyotolewa kwa mwema ilirithiwa na mwingine, bila swali jipya kwa aliyeitoa. Wengine watasema kingavirusi itatosha. Kingavirusi husita mahali ambapo mwenye kompyuta amekubali, na hata lile jina lisiloniridhisha lilitungwa kwa sababu hiyo, kwani kuiita kirusi programu iliyokubaliwa kungewapeleka waundaji wa kingavirusi mahakamani. Na pingamizi la tatu, kwamba watu wa Rusizi wanatumia simu zaidi, ni la kweli, na Chrome ya Android haipokei programu jalizi. Ila mambo yenye uzito, vyeti na leseni na maombi ya ardhi, mara nyingi huishia kwenye kompyuta ya wakala. Irembo imekuwapo tangu mwaka 2015, na kompyuta moja ya kibandani hupokea foleni nzima: namba za kitambulisho zenye tarakimu 16, majina ya wazazi, namba za simu za malipo. Hata mfumo wa serikali uwe salama kiasi gani, dandizi moja kwenye meza ya wakala inasoma kila mmoja aliyepanga foleni, na sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya kulinda data binafsi inamhusu pia anayeshughulikia data ya wenzake, si mwenye tovuti peke yake.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Kamembe afanye jaribio moja kabla ya kufuta chochote. Abofye alama ya wasifu juu ya Chrome, afungue dirisha la mgeni, humo programu jalizi hazifanyi kazi, kisha atembelee ukurasa uleule uliojaa matangazo. Yakitoweka, mdandiaji yuko kwenye orodha ya viendelezi, ndilo jina ambalo Chrome huziita programu jalizi. Amwondoe, arudishe injini yake ya utafutaji, na kama anatumia akaunti ileile kwenye mashine mbili aondoe kote kuwili, la sivyo usawazishaji utamrudisha. Akikuta kitufe cha kuondoa hakipo, na Chrome inaandika kwamba inasimamiwa na shirika wakati kibanda ni chake mwenyewe, basi dandizi imejipa cheo cha mwajiri kupitia sera za Windows, na kuiondoa ni kazi ya fundi. Matangazo yakibaki hata katika dirisha la mgeni, meza haina kosa. Aende kwenye orodha ya programu za Windows, aipange kwa tarehe ya kusakinishwa, na atazame vilivyoingia siku ile alipomwita fundi wa vivinjari. Na kazi za Irembo azifanye katika wasifu wa pekee usio na programu jalizi hata moja, hata ile anayoipenda.