Chembe Moja Katika Elfu Nane

Mchoro wa atomi uliomo katika vitabu vya sekondari, kiini katikati na elektroni zikikizunguka, una asili yake katika chumba chenye giza mjini Manchester.

Mwaka 1897 J. J. Thomson alikuwa ameonyesha kuwa ndani ya atomi mna elektroni, chembe nyepesi mno zenye chaji hasi. Atomi ya John Dalton, ile isiyogawanyika, ikafikia mwisho wake. Lakini atomi nzima haina chaji, kwa hiyo lazima iwemo chaji chanya ya kusawazisha. Thomson alisema imetandaa atomi nzima, na elektroni zimepachikwa humo. Halikuwa wazo la kipuuzi. Kwa yaliyojulikana wakati ule, lilitosha.

Mwaka 1909, huko Manchester, mwanafizikia Ernest Rutherford alimtaka Ernest Marsden, kijana ambaye hata shahada alikuwa hajapata, aangalie pamoja na Hans Geiger kama chembe za alfa, nzito na zenye chaji chanya, zikigonga bamba la madini huweza kurudi nyuma. Kwa atomi ya Thomson hilo lisingetarajiwa: chembe ya alfa ina uzito wa elektroni 7,000 na zaidi, na chaji iliyotandaa haina nguvu ya kuigeuza. Kuhesabu kulikuwa kazi ya jicho. Unakaa gizani mpaka macho yazoee, kisha unachungulia kwa hadubini kioo kilichopakwa salfidi ya zinki. Kila chembe ikigonga, kinatokea kimweko kidogo. Zilirudi. Simulizi nyingi hutaja dhahabu, na kweli ilitumika, ila hesabu mashuhuri ya chembe 1 katika kila 8,000 ilipatikana kwa platini.

Rutherford alilitafakari jambo hilo hadi 1911. Kinachoweza kuirudisha chembe nzito inayokwenda kasi vile ni chaji iliyosongamana mahali padogo sana, pamoja na karibu uzito wote wa atomi. Atomi ya dhahabu ingekuwa na upana wa uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa punje ya mtama.

Hapo likazuka tatizo jipya. Kwa fizikia ya siku zile, elektroni inayozunguka hupoteza nishati kwa kutoa mwanga, na ingepaswa kutumbukia kiinini kabla sekunde haijaanza kuhesabika. Mwaka 1913 Niels Bohr aliiruhusu njia maalumu tu, akaeleza vizuri rangi za mwanga wa haidrojeni, akakwama kwenye heli.

Mchoro wa shuleni ni huo wa Bohr. Umedumu kwa sababu mwanafunzi anaweza kuuchora, na kwa kemia ya mwanzo unafaa. Lakini tangu hesabu za Erwin Schrödinger za 1926, elektroni haina njia ya kuchorwa. Katika haidrojeni iliyotulia haikizunguki kiini hata kidogo. Kinachoweza kukokotolewa ni uwezekano wa kuikuta hapa au pale.