Ukweli Pekee Hautoshi

Mwaka 1846 hospitali kuu ya mji wa Vienna, nchini Austria, ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Wodi ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari. Ya pili ilifundisha wakunga. Kati ya kila wazazi 100 waliojifungulia katika wodi ya kwanza, wapatao 11 walifariki, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika wodi ya pili hawakufika 3.

Mwaka 1847 Daktari Ignaz Semmelweis aligundua sababu. Madaktari na wanafunzi wao walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Basi aliamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwaka 1848 vifo katika wodi ya kwanza vilishuka hadi kufikia kama 1 kwa kila wazazi 100.

Hata hivyo, madaktari wengi walimkataa. Baadhi yao walichukizwa kuambiwa kwamba mikono yao wenyewe ilileta mauti. Naye Semmelweis alikawia kuueleza uvumbuzi wake: kitabu chake kilitoka mwaka 1861, nacho kilikuwa kirefu, kimejaa majedwali na mabishano. Wapinzani wake aliwaita wauaji. Alifariki mwaka 1865 kabla ya fundisho lake kukubaliwa na wengi. Na wakati huo wote wazazi waliendelea kufa.

Muuguzi Mwingereza, Florence Nightingale, alifuata njia nyingine. Katika Vita vya Krimea (1853–1856) aliona kwamba maradhi yanayozuilika yaliwaua askari wengi kuliko majeraha. Mwaka 1858 alichapisha mchoro wa mviringo uliogawanywa kwa miezi: maradhi hayo kwa rangi ya buluu, majeraha kwa nyekundu, na sababu nyingine kwa nyeusi. Mchoro huo ulionyesha wazi jinsi buluu ilivyozidi rangi nyingine kwa jumla.

Mfanyakazi wa afya anayetoa taarifa mbele ya wenzake hana budi kuyakumbuka hayo. Na achague jambo moja kuu. Atumie tarakimu chache zinazolinganishwa: badala ya kusema kwamba asilimia 20 ya watoto hawakurudi kupata chanjo, aseme kwamba katika kila watoto 5, mmoja hakurudi. Asiwashutumu wasikilizaji, kwa maana aliyeshutumiwa hujitetea kabla ya kufikiri. Mwishowe ataje waziwazi kitendo kinachotakiwa, nani akitende, na lini.

Mwanafunzi aelezaye darasani matokeo ya jaribio lake hujizoeza kazi hiyohiyo. Kuugundua ukweli ni nusu ya kazi ya sayansi. Nusu ya pili ni kuufikisha kwa yule awezaye kuutumia.