Samurai asiye na bwana: swali gumu katika filamu za Japani

Samurai akitajwa, wengi wetu hufikiria panga, damu na heshima isiyotetereka. Hata hivyo, baadhi ya filamu bora za samurai zilizotengenezwa Japani katika miaka ya 1950 na 1960 zina jambo zito zaidi. Zinauliza: mtu hubaki kuwa nani baada ya kumpoteza bwana wake, cheo chake na kanuni alizolelewa nazo? Katika makala hii tunaziangalia filamu mbili kwa jicho la falsafa ya udhanaishi.

Falsafa hiyo si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili, kwani wahakiki huitaja mara kwa mara wanapozijadili riwaya za Euphrase Kezilahabi, hasa Kichwamaji ya mwaka 1974. Mfaransa Jean-Paul Sartre aliieleza mbele ya umati mjini Paris mwezi Oktoba mwaka 1945. Kwa mujibu wake, mtu hazaliwi na maana yake tayari. Kwanza yupo, kisha hujijenga kwa yale anayoyachagua, wala hawezi kumtwika mwingine mzigo wa uchaguzi huo.

Mwaka huo huo Japani ilishindwa vita, na Januari mosi 1946 Mfalme Hirohito alitangaza kuwa yeye si mungu. Vijana waliofundishwa kufa kwa ajili yake wakabaki na maisha, lakini bila ya maana waliyopewa. Hatudai kwamba waongozaji filamu wa Japani walinakili mawazo ya Paris. Swali hilo walikuwa nalo nyumbani kwao.

Mmoja wao ni Masaki Kobayashi, aliyeingizwa jeshini wakati wa vita na kukataa kupandishwa cheo. Filamu yake Harakiri ya mwaka 1962 inasimulia mambo ya mwaka 1630 mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Nchi ina amani, koo kadhaa za mabwana zimevunjwa, na samurai wasio na bwana, waitwao ronin, wanakufa njaa. Kijana Motome anafika kwenye jumba la ukoo wa Iyi na kuomba nafasi ya kujiua kwa heshima, akitumaini kwamba atapewa fedha kidogo aende zake. Wakubwa wa jumba wanamlazimisha kujipasua tumbo kweli, tena kwa upanga wa mwanzi. Ule wa chuma alikwisha kuuuza kwa sababu ya mke na mtoto wagonjwa.

Baadaye anakuja Hanshiro, mkwewe. Amekuja kudai jibu, lakini kinachomuumiza zaidi ni kwamba wakati kijana anauza upanga wake, yeye hakuwahi hata kufikiria kuuza wa kwake. Aliukumbatia kana kwamba ndio uhai, na mjukuu yuko kitandani. Hapo ndipo filamu inapogusa kiini cha falsafa tuliyoitaja. Wakubwa wa jumba wanajificha nyuma ya kanuni, lakini Hanshiro anakubali kwamba alichagua vibaya, kisha anachagua upya. Mwishoni anauawa, na kumbukumbu za ukoo zinaandikwa kwa uongo, kana kwamba hakuna lililotokea.

Filamu ya pili, Samurai Saba ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, inalijibu swali lile lile kutoka upande wa pili. Kikuchiyo, aliyeigizwa na Toshiro Mifune, anatembea na hati ya nasaba ili aonekane samurai. Wenzake wanaisoma na kucheka, maana kwa hesabu ya hati hiyo anapaswa kuwa mtoto wa miaka 13. Kwa kweli yeye ni mtoto wa mkulima. Lakini anapigania kijiji hadi kufa, na anazikwa pamoja na samurai wengine watatu, upanga ukiwa umechomekwa juu ya kaburi lake. Karatasi haikumfanya samurai. Matendo yake yalimfanya.

Hanshiro alikuwa na nasaba ya kweli, Kikuchiyo ya bandia, na wote wawili waliishia mahali pamoja. Cheo kinaweza kurithiwa, kupokonywa au hata kughushiwa, lakini uamuzi wa mtu saa ya shida hakuna wa kumwamulia.