Acha Kutype Ratiba ya Ball Kila Wikendi: Hii Hapa Form ya Kuifanya Ijitume Yenyewe

Pita kwa ukumbi wowote wa kuangalia ball Kitengela Jumamosi asubuhi. Nje kuna ubao mweusi, na kuna msee ameinama na chaki anaandika: nani na nani, saa ngapi, kiingilio ngapi. Akimaliza hapo anaingia kwa group ya mtaa kuandika yale yale tena. Dakika tano baadaye mtu anauliza, "Kwani Arsenal inacheza saa ngapi?" Anajibu. Mwingine anauliza. Anajibu tena.

Hiyo kazi kompyuta inaweza kuifanya wewe ukiwa bado kwa blanketi. Na huhitaji kuwa msee wa kucode. Unahitaji vitu vitatu: mahali pa kutoa data, tool ya kuunganisha, na mahali ujumbe utaangukia.

Data inatoka wapi?

Inatoka kwa API. Usiogope hilo jina. API ni kama kale kadirisha ka kibanda cha chipo: huingii jikoni, unaagiza kwa dirisha, unapewa ulichoagiza.

Kwa ball, dirisha rahisi la kuanzia ni football-data.org. Ukijisajili na email unapewa ufunguo wako bure. Mpango wa bure una mashindano 12, kati yao ligi kuu ya Uingereza, La Liga, Bundesliga, Champions League na Kombe la Dunia. Unaruhusiwa kuuliza mara 10 kwa dakika. Kuna pia API-Football, ambayo bure yake ni maswali 100 kwa siku.

Tool ya kuunganisha tutatumia n8n. Ilianzia Berlin, Ujerumani, mwaka 2019, na ukiiweka kwa mashine yako mwenyewe kwa matumizi yako hulipi kitu. Badala ya kuandika code ndefu, unapanga visanduku kwa skrini na kuviunganisha na mistari. Kila kisanduku kina kazi yake. Zapier na Make zinafanya kazi hiyo hiyo na hazihitaji laptopu yako iwe on, lakini bure yao ina kipimo cha kila mwezi.

Ujumbe tutautuma Telegram. WhatsApp ndiyo kila mtu anatumia, sawa, lakini kuingiza boti kwa group ya kawaida kwa njia za uchochoro kunaweza kufanya namba yako ifungiwe. Telegram boti ni ruhusa, na ni bure.

Twende kazi

1. Ukiwa na Node.js kwa laptopu, andika `npx n8n`, kisha fungua `localhost:5678` kwa browser. Hapo ndipo jikoni kwako.

2. Weka kisanduku cha kwanza, Schedule Trigger. Hiki ni kengele. Kiambie kiamke kila siku saa mbili asubuhi.

3. Cha pili ni HTTP Request. Hiki ndicho kinaenda dirishani. Anwani ni `https://api.football-data.org/v4/matches?competitions=PL`. Kwa upande wa Header weka jina `X-Auth-Token` na ufunguo wako. Huo ufunguo ni kama PIN ya M-Pesa: usiupige screenshot ukatuma kwa group.

4. Jibu linakuja mechi zote zikiwa zimefungwa pamoja. Weka Split Out, uiambie ipasue `matches`, ndio kila mechi isimame peke yake.

5. Kwa Telegram, tafuta BotFather, tengeneza boti, upewe tokeni. Ingiza boti kwa group, kisha uweke kisanduku cha Telegram mwisho wa mstari. Namba ya group huanza na alama ya kutoa. Ukiiacha, ujumbe haufiki.

Imeisha. Kengele, dirisha, kupasua, kutuma.

Pale wasee huchomekea

Ya kwanza ni saa. Data inakuja na saa ya UTC, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Halafu n8n ukiiweka mwenyewe huja ikiwa imeset saa ya New York, so kengele yako ya asubuhi italia mchana. Badilisha iwe `Africa/Nairobi`. Kwa ujumbe, geuza saa ya mechi hivi: `{{ DateTime.fromISO($json.utcDate).setZone('Africa/Nairobi').toFormat('HH:mm') }}`.

Usijaribu kujumlisha kwa kichwa ukitumia saa ya Uingereza. Wao husogeza saa zao Machi na Oktoba, sisi hatusogezi. Ndio maana mechi za Jumamosi za saa tisa kwao hapa huwa saa kumi na moja jioni msimu ukianza, halafu kutoka mwisho wa Oktoba zinakuwa saa kumi na mbili. UTC haina hiyo drama.

Ya pili ni pupa. Ukitumia ile ya maswali 100 kwa siku, na uulize matokeo kila dakika, piga hesabu: mechi ni dakika 90, mapumziko 15, jumla 105. Mechi moja haijaisha na wewe umeisha. Uliza kila dakika 10, na uulize mechi zote kwa swali moja.

Ya tatu ni kurudia. Ukicheki matokeo kila dakika 10, boti itatangaza bao moja mpaka watu watoke kwa group. Weka Remove Duplicates, itumie `id` ya mechi pamoja na matokeo kukumbuka kile imeshatuma.

Ya nne unaijua: stima. Laptopu ikizima, kengele hailii.

Kabla hujaanza kufikiria kubet

Najua kuna mtu ameshaanza kuona ganji hapa. Tuliza boli. Data ya bure inakuja ikiwa imechelewa, na kampuni za kubet hununua data inayotoka uwanjani moja kwa moja. Ukiona bao kwa boti yako, wao walishabadilisha odds kitambo. Na hakuna API inauza mechi ya uhakika. Anayekuambia anayo ndiye anakula yako.

Sasa, data ya kwetu iko wapi?

Hapa ndipo mambo yanakuwa serious. Kwa hiyo API, Arsenal ni namba 57 na Man United ni 66. Kila bao lao limeandikwa. Sasa tafuta ligi yetu ya Kenya kwa ile orodha ya 12. Haiko. Tafuta timu inayochezea vumbi la Noonkopir, ama ile ya Isinya inayopanda mat kwenda Kajiado kucheza. Sahau kabisa.

Na si ball peke yake. Kule Kimana, upande wa chini wa kaunti hii, tangu 2012 morani wamekuwa na Maasai Olympics, wanashindana kukimbia, kuruka, kurusha mkuki na rungu badala ya kuwinda simba. Niambie ni API gani ina matokeo ya kurusha rungu.

Straika wa mtaa anaweza kufunga mabao 20 kwa msimu, halafu siku scout akimuuliza ushahidi, ana mdomo tu na beshte wawili wa kumtetea. Bao ambalo halijaandikwa ni stori.

Lakini ile mashine umetengeneza haijali data imetoka London ama Kitengela. Tengeneza fomu ya Google yenye maswali machache: tarehe, timu, matokeo, wafungaji. Makepteni wawili wakubaliane, mmoja aijaze kwa simu kabla watu hawajavua viatu. Majibu yanaingia Google Sheets. Kwa n8n, toa ile kengele na dirisha, weka Google Sheets Trigger. Kisanduku cha Telegram kinabaki vile vile. Mstari mpya ukiingia, mtaa mzima unapata matokeo. Pointi 3 kwa ushindi, 1 kwa sare, na Sheets yenyewe inakupigia jedwali.

Kitu kimoja tu: kama wachezaji hawajafika miaka 18, ongea na wazazi kwanza kabla ya kuweka majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hivyo, na hata bila sheria ni heshima.

Anza na ya Arsenal ujifunze, wikendi moja inatosha. Halafu wikendi inayofuata nenda na simu yako kwa ile pitch ya nyuma ya ploti. Ya Arsenal hata usipoandika kuna mtu analipwa kuiandika. Ya huyo straika wenu je, nani ataandika?